Jibu: Naamka na mawazo mazito, nifanyeje?
Ndugu yangu, umesema ukifumbua macho tu unashika simu na siku inaharibika. Basi simu ilale sebuleni. Kwa kuwa upo Chumbageni, Tanga, alfajiri tembea kuelekea Raskazone upate mwanga na upepo wa bahari kabla jua halijawa kali.

Pia andika mambo ya kushukuru, hata kama ni chai na mkate wa kumimina. Wanasaikolojia Emmons na McCullough wa Marekani, katika utafiti wao wa 2003, waliwaambia watu waandike hadi mambo matano ya kushukuru kwa wiki. Watu hao wakayaona maisha yao afadhali kuliko walioandika kero. Kwa wiki, umeona? Kuandika kila siku mimi hunichosha.

Ila usijilazimishe kucheka ukiwa na huzuni. Na usingizi ukikata wiki kadhaa, nenda Hospitali ya Bombo ukaonane na daktari.