Je, Mjomba Wangu Mkereketwa Anatudanganya?

SWALI: Mjomba wangu, ambaye tunaishi naye hapa Temeke, ni mtu mwaminifu, akizidishiwa chenji dukani huirudisha. Lakini ni mkereketwa wa chama, na habari yoyote mbaya inayokihusu huikana hata akioneshwa ushahidi. Je, itikadi ni uongo, au yeye ndiye anayetudanganya?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mwongo huujua ukweli akauficha, ilhali mjomba wako, kwa maelezo yako, hajakubali hata kuutazama. Itikadi yenyewe si uongo, maana hakuna jamii inayoweza kwenda bila kukubaliana juu ya mambo ya kupigania. Hatari huanza pale imani inapogeuka kuwa heshima ya mtu, hata kukiri kosa la chama kukawa sawa na kukiri kwamba ujana wake ulipotea bure. Mwanasaikolojia Leon Festinger wa Marekani alieleza mwaka 1957 kwamba mtu anapokutana na jambo linalopingana na imani yake hupata dhiki moyoni, na mara nyingi huituliza kwa kulipinda jambo lile badala ya kuigusa imani. Anayedanganywa kwanza, basi, ni mjomba mwenyewe.

Katika jamii madhara huwa mazito zaidi. Nchini China, katika kampeni ya serikali ya kuongeza uzalishaji kwa haraka iliyoanza mwaka 1958, viongozi wa ngazi za chini walitangaza mavuno makubwa kuliko yaliyopatikana, wakiogopa kuitwa wasaliti wa mapinduzi. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, na mamilioni ya watu wakafa kwa njaa. Aliye chini aliliona ghala tupu, aliye juu alipenda kuamini limejaa.

Kwetu, mwanachama wa TANU aliahidi: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika waziwazi kwamba Tanzania haikuwa bado ya kijamaa wala ya kujitegemea. Nakiheshimu sana kitendo kile, kwa sababu hakuitupa itikadi yake, bali aliipima kwa hali halisi ya nchi.

Mjomba usimbane mbele ya watoto, kwani ataitetea heshima yake kabla ya kukusikiliza. Mkiwa wawili, muulize kwa adabu ni jambo gani likitokea atakubali kwamba chama kimekosea. Akilitaja, mna pa kuanzia. Akisema halipo, ushahidi zaidi hautamsogeza kwa sasa.