Umeme ukikatika, maji ya tangi la matumbawe yataenda wapi?

SWALI: Nataka kujenga tangi la maji chumvi la matumbawe sebuleni: urefu sentimita 240, upana 75, kina 65. Sampu, yaani tangi la pili la kuchujia maji, ya 120 kwa 50 kwa 40 itakaa kwenye kabati chini yake. Nimepanga matundu mawili ya kushushia maji kwa mabomba ya milimita 50, pampu ya lita 12,000 kwa saa, na valvu ya kuzuia maji kurudi ili sampu isifurike umeme ukikatika. Midomo ya kurudishia maji itakuwa sentimita 4 chini ya kizingiti ambacho maji humwagikia. Fundi wa vioo anasubiri mchoro wa matundu. Nimpe? Na je, nitumie mabomba angavu ili nione maji yanavyopita?

JIBU: Usimpe bado. Vipimo vya tangi ni vizuri, na upana wa sentimita 75 utakuruhusu kupanga mawe bila kuyaegemeza kwenye kioo cha nyuma. Kasoro iko kwenye mabomba, kwa sababu umeyapanga kwa siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Mimi huanza na dakika ile umeme unapokatika, ndipo nachora mengine.

Tupige hesabu. Uso wa tangi lako ni sentimita 240 kwa 75, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 18. Pampu ikisimama, kwanza hushuka yale maji yaliyokuwa yakipita juu ya kizingiti cha chemba ya kumwagia, yaani kisanduku cha pembeni mwa tangi chenye matundu ya kushushia. Tuseme kizingiti kina urefu wa sentimita 60. Pampu ikitoa lita 12,000 kwa saa, tabaka hilo huwa na unene wa sentimita 2 hivi, yaani lita 36. Kisha bomba la kurudishia linageuka kuwa mrija wa kunyonya na kuvuta maji hadi midomo yake ikutane na hewa. Sentimita 4 ni lita 72. Ongeza lita 15 hivi zilizomo kwenye chemba na mabomba, unapata lita 123. Kila sentimita ya sampu yako ni lita 6. Ikiwa maji yake hukaa kwenye kimo cha sentimita 25, umebakiwa na nafasi ya lita 90. Lita 33 zitakuwa sakafuni, na bado hujaweka hata samaki mmoja.

Utasema valvu itazuia. Itazuia ikiwa mpya. Ndani ya tangi la matumbawe kila kilicholowa huotwa na kitu: mwani wa chokaa, minyoo wa mirija, konokono wadogo. Kipande cha ganda kikikwama kwenye kilango cha valvu, maji yanapita. Kile kitundu ambacho watu hutoboa kwenye bomba la kurudishia ili livute hewa nacho huziba vivyo hivyo. Ukitaka valvu, iweke baina ya yunioni mbili, yaani viungio vinavyofunguka bila kukata bomba, ili itoke kwa kusafishwa, lakini ukubwa wa sampu uhesabiwe kana kwamba valvu haipo.

Dawa ni rahisi. Pandisha midomo ya kurudishia hadi ikutane na hewa maji yakishuka sentimita moja tu chini ya kizingiti. Kisha punguza mtiririko wa sampu hadi lita 5,000 kwa saa, na tabaka la kizingiti litakuwa kama sentimita 1.2. Hesabu mpya ni 22, 18 na 15, jumla lita 55, na umebakiwa na akiba ya lita 35. Usiogope kwamba lita 5,000 ni kidogo. Tangi lako lina lita 1,170, hivyo maji yote hupita kwenye sampu zaidi ya mara 4 kwa saa, na hiyo inatosha kuilisha skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, na kusambaza joto. Msukosuko ambao matumbawe yanauhitaji, hasa yale ya matawi magumu, hutoka kwa pampu za mawimbi zilizo ndani ya tangi. Hizo ndizo za kununua kubwa. Kusukuma maji kutoka chini kwenda juu ili tu kupata mkondo ni kupoteza umeme na kujitafutia kelele.

Ile namba ya 12,000 kwenye boksi, kwa njia, hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Angalia mchoro wa nguvu ya pampu, tafuta kimo kati ya uso wa maji ya sampu na uso wa maji ya tangi, kisha ongeza kidogo kwa kila elbo, yaani kiungo cha kona. Bomba moja la milimita 40 lipande, ligawanyike kuwa mawili likifika juu, na kona ziwe chache. Ukitaka kupunguza nguvu, bana upande wa kutolea maji. Usibane kamwe upande wa kuvutia.

Sasa matundu. Mawili hayatoshi, yawe matatu. La kwanza linabeba karibu maji yote, limejaa bila hewa, na lina valvu ya geti. Si ile ya mpini wa robo mzunguko, kwa sababu hapa utahitaji kurekebisha kwa unywele. Bomba lililojaa hubeba maji mengi kuliko linalovuta hewa, na halitoi sauti. La pili hubaki wazi na kupitisha utando mwembamba wa maji unaoteremka ukutani mwake. La tatu mdomo wake uko juu kuliko yote, kavu siku zote, bila valvu wala kichujio.

Hapa kuna mambo mawili yanayowashinda wengi. Mwisho wa bomba la kwanza uzame kwenye maji ya sampu kama sentimita 2 tu. Ukizama sana, hewa haitoki pampu inapowashwa tena na bomba hugugumia kwa muda mrefu. Na juu ya bomba la pili toboa, ingiza mpira mwembamba wa hewa, uulaze ncha yake chini kidogo ya mdomo wa bomba la tatu. Konokono akiziba bomba la kwanza, maji yatapanda, yataziba ncha ya ule mpira, na bomba la pili litakosa hewa, lijae na kuanza kuvuta kwa nguvu zote. Lisipotosha, la tatu linapokea. Lile la tatu limwage juu ya uso wa maji ya sampu ili likianza kazi usikie kishindo.

Kabla ya kumpa fundi kipenyo cha matundu, nunua kwanza viungio vya tangi vyenye nati na wosha ya mpira, uvipime mkononi. Tundu la kiungio cha bomba la milimita 50 ni kubwa kuliko milimita 50 kwa kiasi kikubwa, na kila mtengenezaji ana kipimo chake. Wosha hukaa upande wa kichwa cha kiungio, si upande wa nati. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Hakikisha pia kioo kinachotobolewa si kile kilichoimarishwa kwa moto ili kiwe kigumu, maana hicho hupasuka vipandevipande mara kinapoguswa na kekee.

Yunioni mbili kwenye pampu ni lazima, kwa sababu utaitoa mara kwa mara kuiloweka kwenye siki. Shaba nyeupe au nyekundu isiguse maji popote. Shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Mabomba na viungio viunganishe kwanza vikavu, weka alama ya kalamu kwenye kila kiungo, ndipo utie gundi, kisha uiache siku nzima.

Uzito pia: maji peke yake ni kilo 1,200, na ukijumlisha vioo, mawe, sampu na kabati unakaribia tani 2. Sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na wewe unaiwekea zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Kama sebule iko juu, mwone mhandisi kwanza.

Ndoo ya kujazia maji yaliyopotea kwa mvuke isizidi lita 30. Kidhibiti chake cha kuongeza maji kikikwama na umeme ukakatika siku hiyohiyo, 55 na 30 ni 85, bado zinaingia kwenye zile lita 90. Usiiunganishe moja kwa moja na bomba la nyumba.

Jaribu kila kitu kwa maji ya kawaida kabla ya mawe na chumvi. Zima pampu, subiri maji yatulie, weka mkanda kwenye kimo kilichofikiwa ndani ya sampu. Washa. Funga valvu ya bomba la kwanza kabisa, tazama kama mawili yaliyobaki yanabeba mzigo wote.

Mabomba angavu usitumie. Mwanga hupenya na kuotesha mwani ndani, na baada ya miezi michache hutaona maji wala hutaweza kuyasugua. Ukitaka kuona, weka kipande cha bomba angavu chenye urefu wa kiganja kimoja juu ya valvu ya geti, kati ya yunioni mbili, ndani ya kabati lenye giza: Bubujiko likionekana hapo, fungua au bana valvu kidogo hadi litoweke.