Malaria hana, lakini maneno yanampotea

Pemba tumezoea kusema malaria "imempanda kichwani". Mgonjwa wa malaria akianza kuweweseka, hata mtoto mdogo anajua mambo si mazuri. Lakini malaria hapa visiwani imepungua sana, na homa nyingi zikipimwa majibu ni kwamba hana. Watu wanashusha pumzi. Mgonjwa huyo akianza kuweweseka, inasemwa ana shetani.

Mjomba wangu hapa Wete ilimkuta hivyo wakati wa masika. Homa kali, viungo vyote vinamuuma, macho yanamuuma kwa ndani. Malaria hana. Homa ikashuka, tukashukuru. Asubuhi yake akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki, akatapika kila alichonywa, kisha ukimwamsha analala tena. Wazee wakataka aandikiwe kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji akanywa. Mkaza mjomba hakubishana nao: alisema kisomo kisomwe ndani ya gari, njiani kwenda hospitali. Namshukuru mpaka leo. Ilikuwa dengi.

Dengi, ugonjwa wa kirusi kinachoenezwa na mbu, ambao wengine huuita kidingapopo, huwa mbaya zaidi pale homa inaposhuka, baina ya siku ya 3 na ya 7 tangu ilipoanza. Maji ya damu huvuja nje ya mishipa, shinikizo la damu likaanguka, ini likaelemewa, chumvi ya mwilini ikapungua. Ubongo unaumia hata kama kirusi hakijaufikia. Mara nyingine kirusi huingia chenyewe, ubongo ukavimba. Wengi wanaougua dengi hawafiki huko, ila anayefika hana muda wa kusubiriwa.

Wala si dengi peke yake; virusi vingine vya mbu navyo huweza kufika kwenye ubongo. Kirusi cha West Nile, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1937, hushambulia ubongo au mishipa ya fahamu kwa takriban mtu 1 katika kila 150 wanaokipata. Zika huharibu ubongo wa mtoto angali tumboni. Chikungunya watu huijua kwa viungo, lakini kichanga na mzee inaweza kuwafika kichwani.

Kwa hiyo mgonjwa wa homa zungumza naye. Muulize leo siku gani, huyu nani. Akichanganya maneno, akiwa na usingizi usio wa kawaida, shingo ikikaza, akipata degedege, au upande mmoja wa mwili ukilegea, mpelekeni saa ile ile, hata usiku. Akitapika mfululizo, tumbo likimuuma sana au fizi zikitoka damu, vilevile. Mwambieni daktari homa ilianza lini na dawa gani ameshakunywa. Mpaka ijulikane kuwa si dengi, mpeni paracetamol tu kwa kipimo chake. Diclofenac, ambayo kwetu kila nyumba inayo, pamoja na ibuprofen na aspirini, zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Na alale ndani ya chandarua mchana pia. Mbu wa dengi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana. Akimuuma mgonjwa siku za mwanzo, baadaye huwaambukiza wa nyumbani. Huzaliana kwenye mapipa, vifuu na matairi yaliyotuama maji. Pipa lisuguliwe kuta zake, maana mayai hunata hapo na hustahimili ukavu kwa miezi.

Mjomba alitoka hospitali anatembea, lakini kwa muda mrefu alikuwa akisahau alichotumwa na akikasirika upesi, tabia isiyo yake. Wa kwenu akiwa hivyo, msimwambie anadeka. Mrudisheni kwa daktari, na asipande pikipiki wala asiende baharini peke yake mpaka aruhusiwe.