Muulize wakala: leseni ya nini?

Dada, umesema wakala amekuletea mhudumu wa kukaa na mama hapo mtaa wa Umoja, Nairobi, tangu apate kiharusi, na anakuhakikishia "ana leseni". Ya nini? Kibali cha biashara cha kaunti hata kinyozi anacho. Wakala wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na mhudumu mwenyewe akijiita nesi, chukua namba yake uisake kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya, iko mtandaoni. Asipoonekana, sindano na mpira wa mkojo asiguse. Kuogesha na kulisha, sawa. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nacho usione haya kukiomba.

Sisi tuliletewa mmoja, cheti kimepigwa laminesheni kinang'aa. Siku ya tatu nikafunua shuka: kisigino cha baba kimeanza kuchubuka kwa kulala mkao mmoja. Hakujua kumgeuza mgonjwa! Siku hizi namwambia mtu anigeuzie mgonjwa nikiona, ndipo tuongee pesa ya wakala.