Penn ya mjomba: namna ya kufungua rili kuukuu bila kuivunja

Kusi likiingia, boti za watalii hapa Malindi hulazwa, na rili, zile mashine za kukunjia mshipi wa kuvulia, hutiwa stoo. Huko ndiko zinakofia. Baharini rili haiharibiki sana. Kinachoiua ni ile chumvi inayobaki ndani miezi kadhaa bila mtu kuishughulikia.

Yangu ni Penn Senator 6/0 (hiyo 6/0 ni saizi yake), niliachiwa na mjomba aliyekuwa baharia wa boti za kuvulia sulisuli. Kampuni ya Penn ilianza Philadelphia mwaka 1932, na Senator zikatoka mwaka 1936. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, kwa hiyo vipuri vyake si vigumu kuvipata. Ukiletewa iliyoganda, usivunjike moyo. Cha kuogopa ni skrubu.

Ya kwanza niliilazimisha kwa bisibisi nyembamba kuliko mfereji wa kichwa. Kichwa kikaliwa, bisibisi ikateleza, ubavu wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ukapata ufa ambao mpaka leo naufunika kwa kidole gumba nikipiga picha. Sasa nachonga bisibisi ijae mfereji sawasawa, natia tone la mafuta ya kulegeza kutu, naenda zangu kulala. Kesho yake natia tena. Halafu naikaza kidogo kwanza, ndipo nailegeza. Ikilia "tak", imekubali. Ikikataa, ongeza siku; kwani una haraka gani, bahari yenyewe imechafuka.

Fungulia ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Karibu na gia ndogo kuna springi mbili, ndogo kama za kalamu, na ukinyanyua kile chuma kilichozikandamiza zinaruka. Moja yangu niliitafuta sebuleni siku mbili, kisha nikaagiza nyingine. Piga picha kila hatua, na washa za breki, vile visahani vinavyobana, uzipange kwenye gazeti kwa mfuatano ule ule zilivyotoka.

Kwenye breki ndiko kwenye kazi. Rili za zamani sana zilikuwa na washa za ngozi. Za mjomba zilikuwa zimekauka kama vitumbua vya juzi: samaki akivuta, breki inashika, inaachia, inashika, mara mshipi pwaa! Umekatika. Nimeweka za kaboni, nikazipaka grisi nyembamba ya breki za rili, na sasa mshipi unatoka bila kugugumia.

Gia zioshe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kutu ya kijani kwenye shaba huondoka kwa siki, dakika chache tu, kisha suuza na ukaushe. Siki isikae kwenye kromu iliyoanza kubanduka, itaimaliza. Bakelaiti inatosha sabuni ya vyombo. Wako wanaosugua mpaka rili ing'ae kama birika la harusi; mimi sioni faida.

Unaporudisha skrubu, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye meno yake, ndipo ukaze kwa vidole viwili. Ipake grisi ya boti, ili mwaka ujao usije ukanilaani.

Na kama spuli yako, ile sehemu inayokunjiwa mshipi, ni ya bakelaiti, usiijaze mshipi wa nailoni. Nailoni hunyumbuka ikivutwa, kisha hukaza ikiwa imeshakunjwa, na spuli za namna hiyo zimepasuka nyingi. Weka spuli ya chuma.

Ukirudi kuvua, kaza breki ili maji yasipenye, kisha imwagie rili maji yasiyo na chumvi polepole. Mpira wa presha husukuma chumvi ndani. Ifute, ianike kivulini, halafu legeza breki kabisa kabla ya kuiweka. Mjomba alikuwa akifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kila rili aliyokwisha kuilegeza, kwa sababu usiku, ukiwa umechoka na unanuka jodari, hukumbuki ipi tayari na ipi bado.