Olavo de Carvalho, mwanafalsafa au mzushi? Niliishi chumba kimoja na sauti yake

Mkuu umeuliza huyu Olavo de Carvalho wa Brazil ni mwanafalsafa kweli au mpiga domo tu wa Bolsonaro, rais wa zamani wa huko. Mi falsafa sijasomea, ni fundi wa mitambo, ila huyu mzee nimelala nae chumba kimoja karibu mwaka mzima, yaani sauti yake. 2014 nilikuwa Tete, Msumbiji, kwenye makaa ya mawe, nikapangwa na Mbrazili mmoja wa Minas Gerais, na jamaa kila akitoka shifti anafungua laptop anamsikiliza huyo mzee, sigara mkononi, mara Aristotle mara matusi ya nguoni, masaa mawili hachoki. Kireno changu cha kwanza kimetoka humo. Siku nikamtupia msimamizi neno nililodhani ni salamu ya kishikaji, aisee kidogo nipandishwe basi la kurudi Bongo.

Mzee mwenyewe kazaliwa Campinas 1947, ujanani alikuwa mkomunisti, akawa mwandishi wa habari, akafundisha unajimu, miaka ya 80 akaingia tarika ya Frithjof Schuon, mwandishi wa Ulaya aliyekuwa shehe (ndio, tarika hizi hizi za kisufi), baadae akarudi Ukatoliki. Digrii ya falsafa hana. Maprofesa wa kwao walimcheka sana kwa hilo na mi naona kicheko chao ndo kilichompa watu.

Maana mshikaji wangu huyo wa Minas Gerais, baba yake alikuwa dereva wa basi, chuo alikaa nyuma akiona wahadhiri wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Halafu anatokea mtu anamwambia hao wakubwa hata vitabu hawasomi, na kawaandikia kitabu kizima cha kuwaanika, O Imbecil Coletivo, 1996, yaani mpumbavu wa pamoja. Na hakuishia kutukana, aliwaambia wanafunzi wake wa mtandaoni kasomeni Plato, kasomeni Aristotle, jifunzeni lugha. Na jamaa alisoma kweli! Kitabu cha Aristotle kina alama za grisi kwenye jalada, mtu katoka kwenye vumbi la makaa saa tano usiku anasoma na penseli. Hicho sijawahi kukidharau mpaka leo.

Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mrengo wa kushoto Brazil ulishindwa kwa bunduki miaka ya 60 ukaamua kumfuata Gramsci, yule mkomunisti wa Italia, kuingia taratibu vyuoni, magazetini, mashuleni. Unaweza kubishana nayo lakini ni hoja. Shida ni kwamba ukishamzoesha mtu kuona profesa muongo, gazeti ongo, daktari kanunuliwa, anabaki kukuamini wewe tu, na mzee akaanza kusema Pepsi inatiwa utamu kwa seli za mimba zilizotolewa, uongo mtupu, mara anatilia shaka kama kweli dunia inalizunguka jua. Mshikaji akaacha Pepsi. Nilicheka, siku mbili hakunisemesha.

Siasa ndo mnazijua. Tangu 2005 alihamia Virginia, Marekani, akawa anaendesha vita ya Brazil akiwa huko huko. Kwenye maandamano ya 2015 watu walibeba mabango “Olavo tem razão”, yaani Olavo yuko sahihi. 2018 Bolsonaro anatangaza ushindi, mezani kuna kitabu cha Olavo cha 2013. Wakaingia mawaziri aliowapendekeza, wa mambo ya nje na wa elimu, halafu muda si mrefu yeye huyo huyo akaanza kuwatukana majenerali wa serikali ile ile.

Korona aliiita uzushi. Januari 2022 akafariki huko Virginia, miaka 74, siku chache tu baada ya kupimwa nayo akakutwa nayo. Binti yake waliyekosana akasema ni korona, daktari wake akakataa.

Kwa hiyo mkuu, kama Kireno kinapanda anza na O Jardim das Aflições cha 1995, humo utamkuta anafikiri, hicho cha 2013 ni makala za magazetini zimekusanywa na hasira zake zote.

Siku aliyokufa nilimtumia mshikaji pole wasapu. Kanijibu alishaacha kumsikiliza tangu 2020, mama yake alipolazwa wodi ya korona. Aristotle bado anasoma. Nikamuuliza na Pepsi je, akasema hapana, hiyo bado hanywi.