"Nina mawazo" utamwambiaje daktari asiyejua Kiswahili?

Dada uliyeuliza neno la kumwambia daktari wa ughaibuni kwamba una mawazo: usihangaike kutafuta neno moja, hutalipata. Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali, na hapo ndipo tunapokwama kila mara. Mgonjwa akisema "nina mawazo" nami nikalitafsiri lilivyo, daktari anasikia mtu anayefikiri tu. Kuna mama mmoja alieleza kwamba moyo unamwenda mbio na kichwa kimejaa. Akapimwa moyo, ukakutwa mzima, akaambiwa aende nyumbani. Kama analala usiku, hakuna aliyemuuliza.

Wala si sisi peke yetu. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki, mpango wa bibi waliofunzwa kuwasikiliza wenye msongo, jijini Harare mwaka 2006, wale bibi wanaokaa benchini na wagonjwa walishika neno hilohilo, maana ukitaja ugonjwa wa akili watu wanakimbia. Wakambodia husema khyâl, upepo unaopanda mwilini hadi shingoni na kichwani. Wakorea wana hwabyeong, hasira iliyomezwa miaka mingi mpaka ikawa moto kifuani. Kufungisisa na khyâl vimo hata kwenye DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, kwa hiyo daktari asijifanye hajawahi kusikia mambo haya.

Ushauri wangu: eleza mwili. Kifua kinabana, chakula hakipiti, unashtuka usingizini saa nane usiku na hulali tena. Kisha sema tangu lini, na kazi gani za kila siku zimekushinda. Fomu ya PHQ-9, ambayo madaktari hupenda kuitumia kupima dalili za sonona (depression), ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na la mwisho linauliza kama unawaza kufa au kujidhuru. Hapo "mawazo" yetu yanaweza kueleweka vibaya, basi jibu waziwazi: kama huna fikra hizo, sema huna, kama unazo, usifiche hata kidogo.

Neno sonona silitumii kwa wazee, wengi hawalijui. "Huzuni isiyoisha" wanalielewa mara moja.

Na omba mkalimani wa hospitali, ni haki yako kuuliza kama yupo. Usimpeleke mwanao akutafsirie. Nimeona wazazi wakisema "sijambo, uchovu tu" kwa sababu mtoto anasikiliza.